Meza ya Hesabu: "Mama, miaka yangu imegeuka nguzo"

Mwezi huu barua na ujumbe wa simu vilivyofika mezani kwangu hapa Moshi vimeshika jambo moja: chati. Sababu yake naijua. Vyama vya msingi vinaandaa mikutano mikuu, vikoba vinavunjwa watu wagawane, walimu wanapanga matokeo. Kila mmoja ana jedwali lake kwenye kompyuta, amelijaza kwa jasho, na sasa anataka watu walielewe bila kulisoma tarakimu kwa tarakimu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa upande wa Uru kwa miaka kumi na tisa. Sasa nina steshenari karibu na soko la Mbuyuni, kompyuta nne, printa moja, na jioni nafundisha. Chati zangu za mwanzo nilizichora kwa rula na kalamu za rangi kwenye manila, nimepiga magoti sakafuni, na nikikosea nguzo moja naanza karatasi mpya. Manila ilikuwa ghali. Kwa hiyo kabla ya kugusa rula nilijisemea kwanza, kwa sentensi moja, kile ninachotaka wanachama wakione. Mazoea hayo sijayaacha. Mwanafunzi akikaa kwenye kompyuta yangu namwomba sentensi yake kwanza. Akisema "nataka chati tu", bado hatujaanza.

Katibu wa kikoba, Majengo, Moshi: "Shikamoo mama. Nimeandika miaka kwenye kolamu ya kwanza, 2019 hadi 2024, na kolamu ya pili idadi ya wanachama wetu kila mwaka. Nikichora chati napata nguzo ndefu za bluu, karibu zote zinalingana, na nyingine zimelala chini hata hazionekani. Tena chini pameandikwa 1, 2, 3, 4, 5, 6. Miaka yangu imekwenda wapi?"

Marahaba mwanangu. Miaka yako haijaenda popote, ndiyo hizo nguzo ndefu za bluu. Excel, hiyo programu yako ya majedwali, haijui kwamba 2019 ni mwaka. Kwake ni kiasi, kama kilo 2019 za mahindi, nayo imekichora kiasi hicho. Kikundi chenu kina watu ishirini na kitu. Ishirini ikisimama kando ya elfu mbili lazima ipotee. Na kwa kuwa miaka imeshahesabiwa kuwa takwimu, programu imekosa majina ya kuandika chini ya nguzo, ikajihesabia yenyewe moja hadi sita.

Futa hiyo chati. Nenda kwenye seli ya juu kabisa kushoto, pale ulipoandika "Mwaka", ulifute neno hilo paachwe patupu. Chagua jedwali lote pamoja na hiyo kona tupu, ingia menyu ya Insert, chora upya. Excel ikikuta kona tupu inaelewa kwamba kolamu ya kwanza ni majina. Chati ikishatoka sawa, lirudishe neno lako. Kama chati umeshaipamba na hutaki kuifuta, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Select Data. Upande wa kushoto utakuta "Mwaka" imeorodheshwa pamoja na wanachama; iondoe. Upande wa kulia bonyeza Edit, kisha pitisha kipanya juu ya miaka yako yote sita.

Ukiwa hapo hapo, kagua jambo lingine ninalokutana nalo karibu kila wiki. Wapo wanaoandika "watu 28" au "sh 12,000/=" ndani ya seli. Hayo ni maneno, na maneno hayachoreki, programu inayachukua kuwa sifuri. Ndani ya seli ikae tarakimu peke yake; neno "shilingi" au "watu" liende kwenye kichwa cha kolamu. Utazitambua kwa macho: tarakimu halisi hujipanga upande wa kulia wa seli, maneno hujipanga kushoto.

Mhasibu, Sakina, Arusha: "Mama, habari za Moshi. Kampuni yetu ni ndogo, tunapeleka wageni mbugani. Mwaka juzi tulipata wageni 412, mwaka jana 431. Nilipochora chati, Excel yenyewe ikaanzisha mhimili wa namba za pembeni kwenye 400 na ongezeko likaonekana kubwa mno. Bosi amefurahi, anataka iingie kwenye maombi ya mkopo benki, tena niifanye ile ya 3D inayong'aa. Moyo wangu hautulii. Nifanyeje?"

Salama, mdogo wangu. Moyo wako umeona sawasawa, nami nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili liliwahi kunifika mwenyewe.

Nguzo husomwa kwa kimo. Jicho linapima kutoka chini hadi juu kabla halijatazama namba za pembeni. Mhimili ukianza 400, nguzo ya mwaka juzi inabaki na kimo cha 12 na ya mwaka jana kimo cha 31, zaidi ya mara mbili na nusu. Ukweli wa jedwali lako ni kwamba wameongezeka wageni 19, hawafiki hata watano katika kila mia. Hapo programu haina nia mbaya. Imetengenezwa hivi: tarakimu zikiwa zimekaribiana sana, yenyewe inainua mwanzo wa mhimili ili tofauti ionekane. Kuurudisha kwenye sifuri ni kazi ya mwenye chati.

Darasani natumia mlima wetu. Asubuhi isiyo na mawingu, toka nje utazame. Kibo ina mita 5,895, Mawenzi ina mita 5,149. Mtoto yeyote wa Moshi anajua kwamba Mawenzi imepitwa na Kibo, na anajua pia kwamba Mawenzi si mlima wa kudharau. Sasa chora nguzo mbili, mhimili uanze 5,000. Kibo inapata kimo cha 895, Mawenzi 149. Kibo mara sita ya Mawenzi! Mtu ambaye hajawahi kufika huku ataamini kwamba Mawenzi ni kichuguu kilichoota kando ya mlima. Na hakuna tarakimu hata moja iliyoandikwa vibaya.

Mimi nilifanya hivyo mbele ya mkutano mkuu. Ulikuwa mwaka wa kwanza kuletewa kompyuta ofisini, nami nilijivuna nayo. Nikachora kahawa ya misimu miwili: kilo 41,200, kisha kilo 39,800. Mhimili ukaanza 39,000 na sikuuangalia. Nikaprinti, nikabandika ukutani. Nguzo ya pili ilikuwa imezidi kidogo tu theluthi ya ile ya kwanza. Wazee waliokaa nyuma, ambao namba ndogo hawazioni, waliona kitu kimoja: kahawa imekatika. Meku mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee huku, akasimama, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, hizi kilo zilizopotea ameuza nani?" Mkutano ukavurugika. Kwa saa nzima bodi ilishutumiwa wizi, kwa upungufu wa kilo 1,400 ambao uchache wa mvua ulitosha kuueleza. Nililazimika kusimama na kusoma daftari la mapokezi, mkulima kwa mkulima, hadi watu wakatulia. Wale watu wa bodi walikuwa waaminifu. Niliwatia aibu mbele ya wake zao na wajukuu zao kwa sababu sikubofya mahali pamoja.

Mahali penyewe ni hapa: bofya mara mbili kwenye namba za mhimili wa kushoto. Kidirisha kitafunguka kulia. Penye Minimum andika 0, gonga Enter. Ndiyo kazi yote.

Hiyo 3D nayo iache. Nguzo zikipewa unene wa pande tatu, kilele cha nguzo hakigusi tena mstari wa gridi unaostahili kuguswa, na msomaji anabaki anakisia. Zikipangwa kwa safu, za mbele zinafunika za nyuma. Kwenye chati duara ni mbaya zaidi: kipande kilicho upande wa mbele kinaonekana kinono kuliko kilivyo.

Kuhusu bosi, usimwambie amekosea. Chapisha chati mbili, ya 400 na ya sifuri, ufute namba zote. Mpe kwanza ile anayoipenda, umwulize kwa heshima, "Mzee, kwa kutazama tu, wageni wameongezeka mara ngapi?" Akishajibu, mpe jedwali. Afisa mikopo naye ana macho, na akigundua ukurasa mmoja umetiwa chumvi atazitilia shaka kurasa zote zinazofuata, hata zile za kweli kabisa. Hilo bosi yeyote analielewa.

Kisha msaidie kupata habari nzuri ya kweli. Usichore miaka miwili peke yake, chora miezi kumi na miwili ya kila mwaka, mistari miwili kwenye chati moja. Arusha nzima inajua Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni wanavyopungua. Ikiwa wale 19 wameongezeka miezi hiyo ya ukame wa wateja, benki itataka kusikia hilo kuliko jumla ya mwaka. Na kwa kuwa hapo unatumia mstari badala ya nguzo, mhimili haulazimiki kuanza sifuri, maana kwenye mstari jicho linafuata mwinuko na mteremko. Chati ya joto la mwili la mgonjwa ikianzishwa sifuri, homa yenyewe haitaonekana.

Karani wa chama cha msingi, Kibosho: "Mwenzangu, nataka kilo tulizopokea na bei ya wastani kwa kilo vikae kwenye chati moja, misimu sita. Kilo ni makumi elfu, bei ni elfu chache. Mstari wa bei umelala chini kama uzi ulioanguka."

Karani mwenzangu, njia ipo. Bofya mstari wa bei kwa kitufe cha kulia, chagua Change Series Chart Type, kilo zibaki nguzo, bei iwe mstari, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha Secondary Axis. Bei itapata mhimili wake upande wa kulia na kuinuka.

Ila mimi mwenyewe siku hizi siitumii mbele ya wanachama, nikueleze kwa nini. Mihimili miwili ikikaa kwenye chati moja, mstari wa bei utakatiza nguzo mahali fulani, na mtu atauliza, "Hapo 2021 palipokutana pana nini?" Hapana kitu. Ukibadilisha kipimo cha mhimili wa kulia, sehemu ya kukutana inahama. Wewe unajua hivyo, lakini mkulima aliyetoka shambani asubuhi hana sababu ya kujua, na ataondoka na maana ambayo hukuitia.

Chora mbili. Ya juu kilo, ya chini bei, misimu ikiwa imesimama wima mahali pamoja. Ili zilingane, shika Alt wakati unazivuta kwa kipanya, kingo za chati zitanasa kwenye mistari ya seli. Kila mhimili uandike kipimo chake: "kilo" huku, "shilingi kwa kilo" kule. Ukiacha bila kipimo, atakuwepo atakayesoma bei kuwa magunia.

Halafu nikuombe uchore na ya tatu, ambayo naamini ndiyo wanachama wanayoifuata mkutanoni. Zidisha kilo kwa bei, msimu kwa msimu. Fungu hilo ndilo lililokwenda kwa wakulima kabla ya makato. Msimu wenye kilo nyingi na bei mbovu unaweza kuwa umeleta fedha kidogo kuliko msimu wa kilo chache. Nguzo sita tu, rangi moja, na ule msimu unaotaka kuuzungumzia upake rangi tofauti: ubofye mara moja, nguzo zote zitachaguliwa; ubofye tena polepole, utabaki huo peke yake; kisha badili rangi. Na nguzo zenyewe zinenepeshe kidogo. Excel huacha nafasi kubwa mno kati yake. Bofya mara mbili juu ya nguzo, tafuta Gap Width, ishushe hadi 60 hivi.

Msimu ujao usianze upya. Simama ndani ya jedwali lako, bonyeza Ctrl na T, ukubali liwe jedwali rasmi. Ukiandika mstari mpya chini, chati inajiongeza yenyewe. Na kama kabatini mna daftari za misimu mingi, maana ushirika wa kahawa huku ni wa zamani, KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika Kilimanjaro, ni ya 1933, msiziache ziliwe na mchwa. Misimu ikifika thelathini, acha nguzo, tumia mstari. Ningefurahi sana kuiona chati hiyo.

Mwalimu wa darasa la saba, Himo: "Nimechora chati duara ya wastani wa masomo sita. Mwalimu mkuu anasema haielewi. Shida ni rangi?"

Rangi hazina kosa, Mwalimu. Chati duara ni kitu kizima kilichokatwa vipande, na vipande vyote vikirudishwa pamoja lazima vifanye kitu kimoja chenye jina. Wanafunzi 90 waliofanya mtihani: wangapi wamepata A, wangapi B, hadi mwisho. Hapo duara ina haki, kwa sababu jumla ni wale wale 90. Lakini wastani wa Kiswahili ukiujumlisha na wastani wa Hisabati na wa Sayansi na Teknolojia, umepata nini? Hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Ndiyo maana mwalimu mkuu anakodoa macho.

Tumia pau zilizolala. Majina kama Uraia na Maadili au Maarifa ya Jamii ni marefu, chini ya nguzo yatapinda shingo. Kwenye pau zilizolala yanasomeka yamenyooka. Kabla ya kuchora, panga jedwali kutoka wastani mkubwa kwenda mdogo. Utashangaa Excel ikilipindua, la kwanza likae chini kabisa. Bofya mara mbili kwenye majina ya masomo, weka tiki penye Categories in reverse order. Kisha weka wastani wenyewe mwishoni mwa kila pau, ufute mistari ya gridi na ufunguo (Legend, kile kisanduku cha maana ya rangi), kwa sababu hakuna tena cha kufunguliwa.

Kichwa nacho kisiwe "Chart Title" kama ilivyokuja, wala "Chati ya Masomo". Andika ulichokiona: "Hisabati iko chini ya masomo mengine yote", kama ndivyo ilivyo. Wazazi wa Himo wakiingia kwenye kikao wanataka kujua hilo.

Kwa wanafunzi wako wanaopenda historia: chati ya nguzo na ya mstari za takwimu za biashara zilichapishwa na Mskoti William Playfair mwaka 1786, na duara akaileta mwaka 1801. Programu ya kwanza ya majedwali kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka 1979. Excel ikafuata 1985. Kwa hiyo kwa miaka karibu mia mbili watu walichora kwa mkono kama mimi na manila zangu.

Muuguzi, zahanati moja ya Wilaya ya Hai: "Chati zetu za malaria, kuhara na nimonia kwenye skrini ni nzuri. Tukiprinti, printa ina wino mweusi tu, mistari mitatu inafanana. Ubao wa matangazo hausomeki."

Pole na kazi, sista. Usitegemee rangi kabisa. Mstari wa ugonjwa unaotaka watu wauone mwezi huu ufanye mweusi na mnene. Ile miwili ifanye ya kijivu, mmoja usiokatika, mmoja wa vidoti. Utavipata ukibofya mstari mara mbili, penye unene na aina ya mstari. Halafu ondoa ule ufunguo wa pembeni. Bofya nukta ya mwisho ya mstari mara mbili polepole, ongeza lebo, chagua ionyeshe jina la mfululizo badala ya tarakimu. Jina "Kuhara" litakaa palepale mstari unapoishia, na mama mwenye mtoto mgongoni hatahitaji kurusha macho huku na huku. Hata ukipata printa ya rangi, endelea hivyo, wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Unaniuliza pia kama kweli karatasi ukutani inabadilisha kitu. Muuguzi mwenzako, Florence Nightingale, aliporudi Uingereza kutoka vita vya Crimea, alichora vifo vya askari mwezi kwa mwezi na kuvichapisha mwaka 1858. Bluu ilikuwa magonjwa yanayoweza kuzuilika, nyekundu majeraha, nyeusi sababu nyingine. Bluu ilizifunika zote. Wakubwa waliodhani askari wanauawa na risasi wakaona kwa macho yao kwamba wengi zaidi waliuawa na magonjwa. Bandika, sista. Bandika mahali wanapokaa wakisubiri.

Mkulima, Machame: "Mimi ni mzee mstaafu, napima mvua kila asubuhi kwa kipimo changu. Kuna siku nilisafiri, sikupima. Nimeacha wazi. Kwenye chati ya nguzo siku hizo zinafanana na siku ambazo mvua haikunyesha. Nitatofautishaje?"

Shikamoo mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana watu wengi wenye elimu kubwa hawajawahi kujiuliza swali hili. Sifuri ni habari: nilitoka, nikatazama, kipimo kikavu. Pengo ni kutokuwa na habari. Kwenye mstari Excel huacha nafasi pale pasipo na kitu, na ukiandika =NA() haichori sifuri. Lakini kwenye nguzo, sifuri na pengo vyote havina kimo, kwa hiyo vinafanana, na hakuna kitufe cha kukusaidia.

Fanya hivi. Fungua kolamu ya tatu, iite "Haikupimwa". Siku ulizosafiri andika humo namba ndogo, tuseme 2. Siku nyingine acha wazi. Chora kolamu zote mbili pamoja, bofya nguzo mara mbili, Series Overlap iwe 100 ili zikae mahali pamoja. Mvua ipake bluu, "Haikupimwa" kijivu. Siku kavu zitabaki tupu kweli, na siku za safari zitakuwa na kisiki cha kijivu. Chini andika maneno machache kwamba kijivu si milimita.

Na uwe mwangalifu na jumla ya mwezi, mzee. Kompyuta ikijumlisha inaruka pengo bila kusema. Ukisafiri siku tano za Aprili, katikati ya masika, Aprili yako itaonekana kavu kuliko ilivyokuwa. Mwezi wenye mapengo usiuweke sawa na mwezi kamili. Andika juu ya nguzo yake "siku 25".

Kijana, Ngarenaro, Arusha: "Mama shikamoo. Nauza viatu vya mtumba Kilombero. Sina kompyuta, nina simu. Dada yangu alinikopesha mtaji, nataka kumtumia chati ya mauzo kila Jumapili. Inawezekana?"

Marahaba baba. Inawezekana. Excel ipo ya simu, na Google Sheets pia. Kwenye Sheets chagua tarakimu zako, gusa alama ya kujumlisha juu, gusa Chart. Baadaye ukipata nafasi kwenye kompyuta ya mtu isiyo na Excel, LibreOffice Calc ni ya bure na inafungua mafaili yale yale, ingawa mapambo ya chati huweza kusogea kidogo.

Simu ni nyembamba, kwa hiyo usibebeshe chati mambo mengi. Siku saba, nguzo saba, tarakimu juu ya kila nguzo, mhimili wa kushoto uufute kwa sababu tarakimu zipo. Majina ya siku yafupishe: J3, J4, J5. Shilingi zigawe kwa elfu, 85 badala ya 85,000, na kwenye kichwa uandike "Mauzo, maelfu ya shilingi". Mauzo usiyachanganye na faida. Kama dada yako anataka kujua mtaji wake unaendeleaje, mchoree kilichobaki baada ya kulipa bandali na meza.

Usimtumie faili. Piga picha ya skrini, kata pembeni ibaki chati peke yake, jitumie kwanza mwenyewe kwa WhatsApp. Ikifika, ifungue, ishike simu kwa urefu wa mkono. Herufi zisiposomeka hapo, rudi uzikuze, kisha ndiyo umtumie dada.